Uliza Fundi: Katamarani inabonyea

SWALI: Fundi, salaam. Katamarani yetu ya futi 16, mashua ya tanga yenye miili miwili, tuliitoa Naivasha kwa trela mwezi wa Juni, sasa iko uani hapa Lang'ata mpaka baridi ipungue. Mwili wa kushoto umekuwa mzito kuliko wa kulia, na juu yake, karibu na mlingoti, panabonyea nikipakanyaga. Fundi wa bodi za matatu amesema atabandika faiba siku moja na kumaliza. Nimpe kazi?
– Mama Neema

JIBU: Kazi mpe, Mama Neema, ila hiyo siku moja mnyime. Hao wa matatu wanaijua faiba. Lakini chombo chako kina ganda la nje, povu gumu katikati, kisha ganda la ndani. Panapobonyea, ganda limeachana na povu. Ukibandika faiba juu umeyafungia maji ndani.

Kwanza maji. Toa nguruzi ya nyuma, kile kizibo cha tundu la kutolea maji, inua pua ya chombo, yamwagike yote. Halafu acha pawe wazi, upepo upite. Julai ya Nairobi haina jua la kutegemea, kwa hiyo hesabu wiki, si siku. Kujua yanakoingilia, paka maji ya sabuni kwenye maungio, ziba matundu mengine, kisha puliza kwa mdomo kupitia mpira ulioingizwa penye nguruzi. Mapovu yatasema. Fundi akileta kompresa, mkatalie: mwili utapasuka.

Ukishakauka, gonga kwa sarafu. Panapolia kavu ni pazima, panapolia butu pazungushie chaki. Ndani ya chaki toboa vitundu vya milimita 3, ganda la juu tu, kila baada ya sentimita 2 au 3. Piga gundi nyepesi ya epoksi kwa bomba la sindano mpaka ichomoze tundu la jirani, tandika nailoni, lundika mifuko ya mchanga.

Hapa ndipo umsimamie fundi wako. Amezoea resini ya poliesta, ambayo baridi ikizidi huongezwa matone ya hadina, dawa ya kuigandisha. Epoksi haitaki mkono huo. Ukizidisha hadina haiharakishi, inabaki laini. Ipimwe kama kopo linavyosema, kazi ifanywe adhuhuri, na usiku pawekwe taa ya kutoa joto.

Mengine ni mepesi. Pitisha kitambaa kwenye waya zinazoshika mlingoti. Kikinaswa na uzi hata mmoja uliokatika, badilisha waya mzima. Tanga liviringe, usilikunje, ulitie ndani ya nyumba: hapa tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na jua, siku likitoka, linakula nyuzi. Panya pia wanazipenda, lakini hilo la paka wako.

Mlingoti uache umelala. Ni alumini, na ukiusimamisha uani kujaribu kitu, angalia kwanza nyaya za umeme zinapita wapi.