Taifa Stars walivukaje makundi ya AFCON kwa pointi mbili?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ndiye ninayefundisha timu ya shule yetu. Kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2025 kule Morocco, Taifa Stars hawakushinda hata mechi moja, wakamaliza makundi na pointi mbili, na bado wakaingia 16 bora. Wanafunzi waliniuliza imekuwaje, nikababaika. Jirani yangu Mkenya naye akanikumbusha kwamba mwaka 2019 Harambee Stars walikuwa na pointi tatu na wakarudi nyumbani. Je, kanuni zilibadilishwa katikati?

JIBU: Hapana, Mwalimu, kanuni ni ileile. Kilichotofautiana ni matokeo ya timu nyingine. Nimefanya kazi ya ukamisaa wa mechi kwa miaka mingi, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa sababu timu ikishamaliza ya tatu, hatima yake haimo tena ndani ya kundi lake.

Tangu 2019 fainali hizi zina timu 24 katika makundi sita ya timu nne nne. Wawili wa juu kutoka kila kundi wanafuzu, hao ni 12. Ili 16 bora itimie zinahitajika timu nne zaidi, nazo hutoka kwa wale sita waliomaliza nafasi ya tatu. Hao sita hupangwa kwenye msimamo wao peke yao: kwanza pointi, kisha tofauti ya mabao, kisha idadi ya mabao ya kufunga, na wakiwa bado sawa, kura ya bahati nasibu. Wanne wanapita, wawili wanaaga. Maana yake ni kwamba timu ya tatu haihitaji kuwazidi wenzake wote. Inahitaji timu mbili tu chini yake.

Sasa turudi kwa Stars. Walikuwa Kundi C: wakafungwa 2-1 na Nigeria, wakatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha sare nyingine ya 1-1 na Tunisia tarehe 30 Desemba. Pointi mbili, mabao matatu ya kufunga, manne ya kufungwa, yaani hasi moja. Makundi A na B yalikuwa yamemaliza siku moja kabla. Wa tatu wa Kundi A alikuwa Comoro: pointi mbili, hasi mbili, bila bao hata moja. Wa tatu wa Kundi B alikuwa Angola: pointi mbili, hasi moja, mabao mawili ya kufunga. Tanzania ilikuwa juu ya Comoro kwa tofauti ya mabao, na juu ya Angola kwa bao moja la kufunga. Timu mbili chini yake tayari! Kwa hiyo usiku uleule Stars walikuwa wamevuka, hata kabla makundi mengine hayajamaliza, na ilikuwa mara ya kwanza katika historia yao ya AFCON.

Hapa naomba wanafunzi wako watulie nawe kidogo. Katika ile mechi ya kwanza, Charles M'Mombwa alisawazisha dhidi ya Nigeria, na dakika mbili baadaye Ademola Lookman akafunga la ushindi. Kipenga cha mwisho kilipolia, bao la M'Mombwa lilionekana la kufutia machozi tu. Liondoe sasa kwenye hesabu. Stars wangekuwa wamefungwa 2-0, tofauti yao ingekuwa hasi mbili, na Angola ndiyo ingeingia 16 bora. Mchezaji anayeendelea kutafuta bao katika mechi inayopotea anaitafutia timu yake nafasi, na ndiyo maana hunisikitisha kuona timu inajilegeza dakika za mwisho kwa sababu eti mechi imeshakwisha.

Kwa Kenya ya 2019 mambo yalikwenda kinyume. Waliifunga Tanzania 3-2, wakafungwa 2-0 na Algeria na 3-0 na Senegal. Pointi tatu, lakini hasi nne. Mwaka ule washindi wa tatu wanne walikuwa na pointi tatu au zaidi na tofauti nzuri kuliko ya Kenya. Guinea walikuwa na nne. DR Kongo na Benin walikuwa na tatu bila deni la mabao. Afrika Kusini walikuwa na tatu na hasi moja. Afrika Kusini hao walifunga bao moja tu katika makundi yote, lakini vipigo vyao viwili vilikuwa vya 1-0. Kufungwa bao moja na kufungwa matatu zote ni sifuri ya pointi, lakini kwenye msimamo wa washindi wa tatu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na usidhani hasi kubwa huua kila mara. Kwenye fainali za 2023, zilizochezwa mwanzoni mwa 2024, wenyeji Ivory Coast walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta wakabaki na pointi tatu na hasi tatu. Kocha akaondolewa, wakakaa kusubiri. Zambia walihitaji sare tu na Morocco ili wawapite; wakafungwa 1-0. Ivory Coast wakapenya, na wakaenda kulichukua kombe lenyewe.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata watangazaji. Ndani ya kundi, timu zikilingana pointi, CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, haianzi na tofauti ya mabao ya jumla. Inaanza na matokeo ya walipokutana wenyewe, na ikishindikana hapo ndipo inakwenda kwenye mabao ya mechi zote. Washindi wa tatu hawakukutana, kwa hiyo hatua hiyo kwao haipo. Mfano mzuri ni Kundi F la 2025: Ivory Coast na Kameruni walikuwa na pointi saba kila mmoja, walitoka sare ya 1-1 walipokutana, na wote walikuwa na chanya mbili. Ivory Coast wakaongoza kwa kuwa walifunga mabao matano, Kameruni manne.

Baada ya hapo, nani anakutana na nani hakuchezeshwi droo mpya. Makundi manne kati ya sita yanaweza kutoa washindi wa tatu kwa njia 15, na kila njia ina mpangilio wake uliochapishwa mapema kwenye kanuni. Vinara wa A, B, C na D ndio hupewa washindi wa tatu. Ndivyo Stars walivyoangukia kwa Morocco, kinara wa Kundi A na mwenyeji, wakatolewa kwa 1-0.

Mfumo huu una kasoro, nami sifichi. Mechi za mwisho za kundi moja huchezwa kwa wakati mmoja kwa sababu ya Kombe la Dunia la 1982, ambapo Ujerumani Magharibi na Austria walicheza wakijua matokeo yanayowafaa wote wawili, na Algeria ndiyo iliyoumia. Lakini kucheza kwa wakati mmoja hakutibu tofauti ya siku kati ya makundi. Kundi linalomaliza mwisho huingia uwanjani likijua msimamo wa wengine wote. Angola walimaliza bila kujua kitu. Stars waliingia dhidi ya Tunisia wakijua.

Ukiwa darasani, chora msimamo huo ubaoni, kisha uwaulize: je, kama Feisal Salum asingefunga dhidi ya Tunisia, nao Tunisia wasingefunga, na mechi ikaisha 0-0? Waache wahesabu wenyewe. Tanzania ingekuwa na pointi mbili, hasi moja, mabao mawili. Angola: pointi mbili, hasi moja, mabao mawili. Ingebaki kura, kama ile ya AFCON ya 2015 pale Malabo, Guinea ya Ikweta, ambapo Guinea na Mali walilingana kila kitu baada ya sare za 1-1 katika mechi zote tatu, na Guinea wakafuzu kwa kura bila mpira kuguswa.