Alikula Andazi Siku ya 19

Juzi dada mmoja, msomaji wangu, aliniandikia saa sita usiku: "Kaka, niko kwenye mfungo wa siku 21. Leo siku ya 19 mwanangu kaacha nusu andazi mezani, nikalitia mdomoni bila kufikiri. Nianze upya?"

Nilicheka. Halafu kicheko kikakauka, maana nilikumbuka daftari langu.

Nililichora safu nne: sala ya alfajiri, sura tatu za Biblia, mfungo wa Jumatano na Ijumaa, zaka. Kila usiku natia vema kwa kalamu nyekundu. Malaria ikanilaza siku tisa, visanduku vikabaki vitupu. Nilipopata nafuu, kabla hata ya uji, nilikaa kitandani nikavijaza vyote, huku nikibadilisha mwandiko ili vema zisifanane. Sijui nilikuwa namdanganya nani. Mungu hakuwahi kuniomba lile daftari.

Mwaka huohuo kazi ikaota mbawa. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza mbele ya kwaya nzima, "Zaka ya mwezi wa nne ulitoa?" Sikuwa nimetoa. Wenzangu wakainamisha vichwa. Nimemsamehe, ila nikiisikia sauti yake mpaka leo tumbo hukaza.

Nakiri kwamba Wagalatia, barua ya Paulo kwenye Biblia, niliifungua nikitafuta aya ya kumkomesha yule mzee. Nikakuta naambiwa mimi: "Enyi Wagalatia msio na akili, ni nani aliyewaloga?" Wale walishamwamini Kristo, wakaja walimu wakawaambia bila tohara bado hamjakamilika, nao wakaanza kuyumba. Mzozo kama huo ulifika Yerusalemu, Matendo 15, na Petro akasimama kuuliza kwa nini watu wabebeshwe kongwa lililowashinda baba zetu na sisi wenyewe. Petro huyohuyo ndiye aliyejitenga na meza ya watu wa Mataifa kule Antiokia kwa kuogopa macho ya wenzake, hadi Paulo akampinga ana kwa ana. Hata Martin Luther, mwanzilishi wa Matengenezo ya Kanisa, kabla ya hoja zake 95 za mwaka 1517 za kupinga biashara ya vyeti vya msamaha, alikuwa mtawa wa kufunga na kuungama mpaka akamchosha muungamishi wake. Kwa hiyo dada, uko na wengi.

Sasa wapendwa, nisikilizeni. Kufunga ni kuzuri, mimi mwenyewe bado nafunga. Lakini ukifunga ili Mungu akupende umechelewa, alishakupenda. Najua mtaniletea Yakobo: imani bila matendo imekufa. Amina! Mwembe huzaa maembe kwa sababu ni mwembe. Chukua mnazi, uutundike maembe kila tawi, uone kama utageuka.

Ushauri wangu? Kama una daftari kama langu, lichome. Soma Wagalatia yote kwa mkao mmoja, ni sura sita tu. Ukishindwa, soma Waefeso 2:8-9, pale panaposema tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, kila asubuhi, na usijiwekee vema. Zaka toa, ila usiitoe kama bima. Na daftari, nasema tena, lichome.

Yule dada nilimjibu: "Usianze upya. Lala." Zikapita dakika mbili, simu ikalia tena.

"Asante kaka. Ila na chai niliteremshia."