Kulala macho wazi baada ya sindano ya kushonwa

Pole sana dada, na umpe pole mtoto. Umesema alichomwa dawa ashonwe kidonda cha paji la uso, akatulia macho wazi yakichezacheza, ukadhani anaondoka. Kwa maelezo hayo naona ni ketamini, na hiyo ndiyo tabia yake. Haimzimi mtoto kabisa. Inamtenga na maumivu huku akiendelea kupumua mwenyewe. Ndiyo maana huku Moshi tunaipenda chumba cha dharura. Ya mshipani hushika ndani ya dakika moja hivi, ya pajani dakika tatu mpaka tano. Kutapika wakati anazinduka nako kunatokea, hasa kwa ya pajani.

Mimi ni muuguzi, na dawa yenyewe hainitishi kama mtu kuichoma peke yake. Anayeshona asiwe ndiye anayemwangalia mtoto. Awepo mwingine, macho kwenye kifua, kile kibanio cha kidoleni kikisoma oksijeni, na ambu, ule mfuko wa kumpulizia mtu hewa, na mashine ya kufyonza mate viwe karibu, vimeshajaribiwa. Koo kujibana ni nadra, ila likijibana hakuna muda wa kutafuta funguo za kabati.

Safari nyingine waambie amekula nini na saa ngapi, na kama ana mafua au kifua. Usimbebe kwenye bodaboda kurudi Kibosho bado anayumba. Aamke vizuri, akutambue, anywe maji yakae.