Jibu: Kidole kimekatwa kazini, daktari wa simu anatosha?

Pole sana kwa mdogo wako, ndugu. Kidole kilichokatwa na msumeno kazini hapo Urambo kisianzie kwa daktari wa video, hata kama hospitali ya Kitete, Tabora mjini, ni mbali. Lazima kishikwe, ionekane kama kano (uzi unaounganisha msuli na mfupa) imekatika, na sindano ya pepopunda haichomwi kwa simu. Baadaye sawa: kukagua kidonda, kufundishwa mazoezi ya kukunja vidole, video inafaa kabisa. Ila kila mazungumzo yaandikwe kwenye faili lake, maana madai ya fidia bila karatasi husumbua mno.

Kinachonitia wasiwasi ni mwajiri. Mmemjulisha kwa maandishi? Akishapata taarifa ana siku 7 kuripoti WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Msingoje kidonda kipone, mpelekeeni barua kesho.