Kwa nini mnara wa mlinzi wa moto uwe mbali na barabara?
Umeuliza kwa nini minara ya walinzi wa moto wa misitu magharibi mwa Marekani ilijengwa kwenye vilele visivyo na barabara, na mtu mmoja aliwezaje kujua moto uko wapi. Msukumo mkubwa ulitokana na moto wa Agosti 1910, ambao kwa siku mbili uliteketeza takriban ekari milioni 3 katika Idaho, Montana na Washington na kuua watu wasiopungua 85, hata ikawa wazi kwamba moshi usipoonekana ungali mwembamba, wazima moto hufika wakiwa wamechelewa. Kilele kilichaguliwa kwa sababu ya upeo wake, si wepesi wa kukifikia. Mbao na vioo vilipandishwa kwa nyumbu.

Katikati ya chumba palikuwa na kifaa cha Osborne, yaani ramani ya duara iliyozungukwa na pete ya chuma yenye nyuzi 360, ambayo mlinzi aliizungusha mpaka unywele wa kulengea ukatize shina la moshi, kisha akasoma nyuzi na kupiga simu. Mnara wa pili ukitoa kipimo chake, mistari miwili iliyochorwa kwenye ramani kutoka minara hiyo ilikutana penye moto. Radi ilipokaribia, alisimama juu ya kigoda chenye miguu ya kioo, kisichopitisha umeme, na sidhani kama alijihisi salama sana.

Minara mingi ilijengwa miaka ya 1930 na vijana wa mpango wa ajira wa Rais Roosevelt. Baadaye ndege za doria ziliifanya mingi iachwe.