Mabapa yasomee chumbani kabla ya daftarini

Vijana wengi wa kidato cha nne ninaowafundisha tuisheni hapa Mbagala hawashindwi hesabu za maumbo ya vipimo vitatu. Wanashindwa kuziona. Daftari ni bapa moja, yaani uso mmoja tambarare, swali linataja mabapa manne, na pembe mraba ikichorwa pale inaonekana butu. Ukiamini jicho, umekwisha.

Basi mdogo wangu, inua macho utazame chumba. Sakafu ni kipande tu cha bapa; bapa lenyewe halina unene wala ukingo, linaendelea bila kikomo. Ukuta na sakafu vinakutana kwenye mstari mnyoofu, na mabapa mawili yanayokatana hufanya hivyo siku zote. Ongeza ukuta wa pili, unapata nukta: kona. Dari na sakafu ni sambamba, kama fundi alikuwa na haya. Sasa tazama mlango. Bawaba zimekaa kwenye mstari mmoja, ndiyo maana mlango unazunguka upendavyo. Ukitia komeo umeongeza nukta ya tatu, nje ya mstari ule, na bapa limebaki moja tu.

Jambo moja halionekani vizuri chumbani. Wengi hudhani mistari isiyokutana lazima iwe sambamba. Ikiwa kwenye bapa moja, sawa. Lakini nenda makutano ya Tazara, hapa Dar es Salaam: tangu daraja la Mfugale lifunguliwe mwaka 2018, magari ya Barabara ya Nyerere yanapita juu, ya Mandela chini. Barabara hazigusani, wala hazielekei upande mmoja. Hakuna bapa linaloweza kubeba mistari yote miwili.

Kuhusu wima, mwangalie fundi anayesimamisha nguzo. Anaweka pima maji upande mmoja, kisha anahamia upande wa pili. Upande mmoja hautoshi, nguzo inaweza kuwa imelalia kwingine. Ikifanya pembe mraba na mistari miwili inayokatana sakafuni, imefanya hivyo na sakafu nzima. Euclid, mwanahisabati Mgiriki, alilithibitisha hilo yapata mwaka 300 KK; fundi wetu hajali, anataka ukuta usianguke.

Maksi nyingi zinapotea kwenye pembe kati ya mstari na bapa. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 3. Vuta kamba kutoka kona ya sakafu hadi kona ya dari iliyo mbali kuliko zote. Usipime pembe ya kamba na ukingo wa ukuta: ukingo mrefu utakupa nyuzi 47, mfupi 59, na zote si jibu. Teremsha timazi, ule uzi wa fundi wenye uzito, kutoka kona ile ya dari, kisha unganisha inapogusa sakafu na pale kamba ilipoanzia. Huo mstari ni kivuli cha kamba jua likiwa utosini. Kwa kanuni ya Pythagoras una urefu wa mita 5, tanjenti ni 3/5, pembe ni takriban nyuzi 31. Pembe ya kivuli ndiyo ndogo kuliko zote ambazo kamba inafanya na mistari ya sakafu inayopita pale ilipoanzia, kwa hiyo ukiona nyingine ndogo zaidi, rudia.

Kwenye mtihani, ichomoe ile pembetatu uichore peke yake pembeni, pembe mraba ikiwa mraba kweli, ndipo ushike kikokotoo.