Mtoto wa Adrenali Akitapika, Sindano Kabla ya Boti

Mama mmoja wa Siyu ameniandikia: mwanawe wa miaka miwili, anayetumia tangu uchanga haidrokotisoni na fludrokotisoni, dawa zinazoziba pengo la homoni ambazo mwili wake hautengenezi vya kutosha, katapika usiku dozi mbili mfululizo. Je, angoje boti ya asubuhi? Dada yangu, usingoje.

Tezi za adrenali za mtoto huyu, zilizo juu ya figo, zimepungukiwa na kimeng'enya cha 21-haidroksilesi. Kotisoli, homoni ya kuhimili maradhi, haitoshi; aldosteroni, homoni ya kushika chumvi mwilini, haitoshi; homoni za kiume zinazidi. Msichana huweza kuzaliwa na maumbile yenye utata, akashtukiwa mapema. Mvulana huonekana mzima, hadi wiki ya pili au ya tatu aanze kutapika na kukauka, majirani wakisema maziwa hayamkubali. Kumbe sodiamu imeshuka, potasiamu imepanda.

Siku za uzima, dozi ni tatu, kwa saa zake. Robo ya kidonge cha miligramu 10 ni 2.5: isage, changanya na kijiko cha maji, mpe papo hapo. Usiiweke kwenye chupa. Dawa hutuama na mtoto hunywa maji matupu. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia.

Homa ikipita 38.5, kila dozi ya haidrokotisoni huzidishwa mara mbili au tatu hadi homa ishuke. Fludrokotisoni ibaki ilivyo. Akitapika na dozi ya kurudia, au akilegea na kusinzia, vidonge basi. Ni sindano.

Kichupa cha unga cha miligramu 100, maji ya sindano mililita 2 na bomba la sindano viwe nyumbani, na muuguzi awe amekufundisha kabla ya siku ya shida. Tia maji, tikisa hadi yawe maangavu. Chini ya miaka 3, nusu mililita, yaani miligramu 25. Miaka 3 hadi 12, mililita 1. Zaidi ya hapo, yote. Choma katikati ya paja, upande wa nje, ndani ya msuli. Kumzidishia mara moja hakumdhuru. Kumkosesha kunaweza kumuua. Anayesema uwaachie madaktari tu hajalala Pate, kisiwa chenu cha Siyu: Mkanda, mlango wa bahari wa kuelekea Lamu, haupitiki maji yakipwa.

Ukishachoma, tafuta boti hata kama amechangamka, kwani huenda akahitaji dripu ya chumvi na glukosi. Beba barua ya daktari yenye jina la ugonjwa na dozi. Wakitaka kupima malaria wapime, lakini haidrokotisoni isisubiri majibu.